CR-V iliyonuka Trinidad: kisa cha kuchagua breki za gari linalovutwa

Simu iliita saa kumi jioni, nikiwa chini ya pikapu ya mteja.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Tuko Trinidad. Gari linanuka. Lile la nyuma."

Trinidad hiyo si kisiwa. Ni mji mdogo wa Colorado unaokutana nao ukimaliza kushuka Raton Pass kutokea New Mexico, kwenye barabara kuu ya I-25. Mzee na Mama walikuwa wametoka Fort Worth jana yake, wakapita Amarillo na Dalhart, wakalala Clayton. Wana motahomu ya 2008, yaani lile basi lenye kitanda, jiko na choo ndani, iliyojengwa juu ya chasisi ya Ford F-53 ya petroli. Nyuma yake inavuta Honda CR-V ya 2012, magurudumu yote manne yakiwa chini. Wasiojua huuliza gari la pili la nini. Basi la futi 34 ukishaliegesha kambini, ukaliunganisha maji na umeme, huling'oi tena kwenda kununua maziwa.

Huyu Mzee si dereva wa kubabaisha. Ujanani aliendesha malori ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na Kitonga ameipanda na kuishuka mara zisizo na hesabu. Huku Marekani akaendesha trela hadi alipostaafu. Ndiyo maana neno lake la pili lilinishtua kuliko la kwanza: "Tulivyokuwa tunashuka, lilikuwa linanisukuma. Nikikanyaga, linakuja tu."

Nikamwomba ampe Mama simu. Mama ndiye anayefunga na kufungua gari la nyuma, kwa sababu magoti ya Mzee hayainami tena. Nikamwambia asogeze kiganja karibu na rimu za CR-V bila kugusa. Za nyuma vuguvugu. Za mbele zilimfanya arudishe mkono. Kisha nikamuuliza swali nililopaswa kuanza nalo: "Mama, taa za breki za CR-V zinawaka?"

"Zinawaka."

"Na motahomu imezimwa?"

"Imezimwa. Mzee yuko hapa nje na mimi."

Basi jibu tulishalipata. CR-V ilikuwa imekanyagwa breki tangu asubuhi. Baadaye Mama alikumbuka kuwa kuna lori liliwapigia honi muda mrefu walipokuwa wanatoka Clayton, wakalipungia mkono wakidhani ni salamu.

Chanzo kilikuwa boksi la breki walilonunua kwa mwenye motahomu mwingine, limetumika, bei ya kutupa. Sitaji ni la kampuni gani, maana kosa halikuwa la boksi. Vifaa vya aina hii huwekwa sakafuni mbele ya kiti cha dereva wa gari linalovutwa. Mkono wake unabana pedali, mgongo wake unaegemea kiti, umeme unatoka kwenye tundu la kiberiti. Ndani kuna kihisio kinachotambua gari linapopunguza mwendo, na motahomu ikifunga breki, mkono ule unasukuma pedali.

Sasa fuatana nami hapa, maana ndipo kisa kilipo. CR-V ya miaka ile, yenye giaboksi ya otomatiki ya kawaida, inaruhusiwa kuvutwa magurudumu manne chini, ila Honda imeweka utaratibu wake. Unawasha injini, unapitisha gia zote, unaweka D kidogo, unarudi nyutro, unaiacha injini ingurume dakika 3, unazima, na ufunguo unabaki nafasi ya kwanza ili usukani usijifunge. Usivuke maili 65 kwa saa. (Toka mwaka 2015 CR-V ilipobadili giaboksi, ruhusa hiyo haipo tena. Wanaoitafuta ya 2014 kurudi nyuma hawafanyi hivyo kwa ushamba.)

Mama aliufuata utaratibu huo neno kwa neno. Lakini injini ikiunguruma dakika 3, inanyonya hewa kutoka kwenye busta ya breki, kile chombo kinachokurahisishia kukanyaga pedali. Ukizima, ule mvuto unabaki humo, umefungiwa na valvu. Pedali inakuwa laini kama siku zote unapoendesha. Watengenezaji wa maboksi wanasema kabla hujaliweka boksi ukanyage pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ndipo upime nafasi yake. Hatua hiyo ilikuwa kwenye kitabu, na kitabu hakikuja na boksi. Mama akaliweka kwenye pedali laini, kisha akavuta kiti mbele mpaka kikaligusa boksi, akaongeza kidogo "lisicheze." Pedali ngumu ingekataa msukumo mdogo ule. Hii laini ilikubali. Ikazama sentimita moja labda, ikatosha pedi kugusa diski kuanzia Clayton, mchana kutwa.

Motahomu ilikuwa nzito kwenye kupanda Raton, Mzee akadhani ni kimo. Pale juu ni futi 7,834, injini ya petroli huchoka kweli, kwa hiyo wala simlaumu. Walipofika kileleni pedi za CR-V zilikuwa tayari zimeiva. Kwenye kushuka, boksi lilifanya kazi yake, lilisukuma, lakini lilikuwa linasukuma pedi zilizokwisha nguvu kwa joto. Ndiyo maana "linakuja tu."

Na kulikuwa na kitaa kidogo cha kuweka kwenye dashibodi ya motahomu, cha kumwonyesha dereva kwamba breki ya nyuma imeguswa. Hicho nacho hakikuja na boksi. Bei ya kutupa ndivyo ilivyo.

Walilala Trinidad siku mbili. Asubuhi ya kwanza CR-V haikuwaka: ufunguo umekaa wazi saa nyingi, boksi linakula umeme, taa za breki zimewaka njia nzima. Fundi wa pale akabadilisha pedi na diski za mbele. Wakarudi Texas polepole, Mama akiendesha CR-V peke yake nyuma ya Mzee. Wiki iliyofuata walikuwa barazani kwangu, na Mzee alikuwa ameshaamua.

"Nataka breki za upepo. Nimezitegemea miaka thelathini."

Nilijua atasema hivyo. Zipo kweli, na ni nzuri. Mtambo kama Air Force One unachukua upepo kutoka kwenye breki za motahomu yenyewe na kusukuma pedali ya gari la nyuma kwa kiwango kilekile ambacho dereva amekanyaga. Ukigusa, inagusa. Ukikandamiza, inakandamiza. Ila huo upepo lazima uwepo. Motahomu kubwa za dizeli, zile zenye injini nyuma, zina matangi ya upepo. F-53 ya petroli ina breki za oili kama pikapu yoyote. Mzee alinyamaza, akanywa chai, akasema, "Yaani basi zima hili halina tangi?" Halina.

Kabla hatujaendelea na aina, nilimpeleka kwenye mizani ya malori, kwa sababu watu wengi hubishana juu ya breki bila kujua uzito wanaobishania. Motahomu, ikiwa na maji, mafuta na vyombo vya Mama, ilisoma pauni 19,640. CR-V ikiwa na baiskeli mbili na friji dogo, 3,520. Jumla 23,160.

Chasisi yao inaruhusiwa kubeba pauni 22,000 yenyewe, na pauni 26,000 ikiwa pamoja na inachokivuta. Mzee aliangalia ile 26,000, akafurahi kuwa kabakiza karibu pauni 3,000. Hapo ndipo wengi hukosea. Breki za motahomu zimetengenezwa kusimamisha uzito wa motahomu, ile 22,000. Ile 26,000 inachukulia kwamba kilicho nyuma kinajisimamisha chenyewe, na Ford katika mwongozo wao wa kuvuta wanataka breki za peke yake kwa chochote kinachozidi pauni 1,500. CR-V isipokuwa na breki, pauni 23,160 zote zinaangukia breki za pauni 22,000. Umezidisha pauni 1,160 hata kabla hujafika mlimani.

Ukitaka kuuona uzito huo kwa jicho la jikoni: CR-V ikiwa maili 60 kwa saa, kuisimamisha kunatoa joto linaloweza kuchemsha maji ya birika moja, lita moja na nusu hivi. Hilo si kitu. Lakini kuishusha kutoka kilele cha Raton hadi Trinidad, futi kama 1,800 kwenda chini, ni joto la kuchemsha ndoo ya lita 20 na kuzidi. Sehemu yake inachukuliwa na upepo na injini. Kinachobaki lazima kipite kwenye diski za mtu fulani, na swali ni za nani.

Juu ya sheria tulipita haraka. Texas hudai breki kwenye trela kuanzia pauni 4,500, majimbo mengi kuanzia 3,000, mengine 1,500. Kisha wanasheria wanabishana kama gari linalovutwa kwa chuma ni trela au si trela. Mzee alitaka kushikilia ile 4,500 ya Texas. Nikamuuliza safari zake ni za Texas? Akacheka.

Tulibaki na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa boksi jingine, jipya, na kitaa chake na kitabu chake. Faida yake ni kwamba ukibadili gari unalihamisha tu. Bei wakati huo ilianzia kama dola elfu moja. Ningekuwa nawashauri vijana wenye magari mawili ya kubadilishana, ningesema nunua boksi usiku huuhuu. Lakini nilimwangalia Mama. Boksi ni zito kama mtoto wa mwaka mmoja, na kila asubuhi ya safari anapaswa kulibeba kutoka stoo, kuinama nalo chini ya usukani, kukanyaga pedali mpaka iwe ngumu, kubana, kuvuta kiti kiasi tu, kupima. Halafu jioni kulitoa ili aende dukani. Ni hatua nyingi, na tayari tulishajua nini hutokea moja ikirukwa. Mama mwenyewe alisema, "Nitaiweka sawa, mwanangu, mara kumi. Ya kumi na moja itanyesha mvua."

Ya pili niliipenda mimi kuliko wao. Kuna chuma cha kuvutia, Ready Brute ni mfano, chenye breki ya msukumo ndani yake: gari la nyuma likija mbele, kile chuma kinavuta kebo inayokwenda hadi kwenye pedali. Hakuna umeme, hakuna kompyuta, fundi wa Ngamiani, kule Tanga, angekielewa kwa kukitazama. Kilichonizuia ni jinsi Mzee anavyoshuka. Yeye ni wa shule ya Kitonga: shuka na gia uliyopandia. Anaweka ile swichi ya kuvutia mizigo, injini inashikilia basi, mguu haugusi breki ila mara mojamoja. Katika kushuka kwa namna hiyo gari la nyuma linaegemea mbele muda wote, na breki ya msukumo haijui tofauti kati ya dereva aliyefunga breki na injini inayoshikilia. Ingekuwa inavuta kidogokidogo mteremko mzima, na diski zilizoiva ndizo zilizotuleta hapa. Isitoshe, chuma chao cha kuvutia walikuwa wamekinunua kipya mwaka huohuo.

Ya tatu ni mtambo unaofungwa ndani ya CR-V moja kwa moja na kubaki humo. Ipo ya aina mbalimbali, na tofauti iliyonihusu ni moja: inajuaje kwamba dereva amefunga breki? Ile inayofuata taa za breki peke yake itakanyaga kila Mzee anapogusa pedali, hata kwa kidole. Kwenye motahomu za dizeli ni balaa zaidi, maana nyingine breki ya injini inawasha taa za breki, na gari la nyuma linakanyagwa kutoka kileleni hadi bondeni. Ile inayofuata kihisio cha mwendo peke yake nayo huweza kudanganywa na shimo la barabarani. Stay-IN-Play DUO inataka yote mawili: taa ziwake na mwendo upungue kweli. Mzee akishikilia kwa gia, taa haziwaki, CR-V inapumzika na diski zake zinapoa. Akikanyaga kwa nguvu, zote mbili zinatimia. Tena ina pampu inayonyonya hewa ya busta, kwa hiyo pedali inabaki laini kana kwamba injini inawaka, na haihitaji nguvu nyingi kusukuma. Kile kilichomponza Mama asubuhi ile ya Clayton, hapa ndicho mtambo unachotaka.

Ubaya wake ni bei pamoja na kazi ya kufunga, na kwamba CR-V ikifa, mtambo unaufungua upya kwenda kwenye gari jingine. Mzee ana miaka 71. Alisema CR-V hiyo itamzika.

Tuliufunga Jumamosi mbili mimi na rafiki yangu. Ya kwanza iliishia kwenye mpira wa busta. Kuna valvu ya kuruhusu hewa upande mmoja ambayo inaingizwa kwenye mpira huo, ina mshale mdogo, na mshale huo haukuwa unaonekana vizuri kwenye kivuli cha kofia ya injini. Ukiigeuza, busta haipati mvuto na gari litakosa breki laini siku ukiliendesha lenyewe. Tuliigeuza. Niligundua kwa kukaa kwenye kiti, nikawasha injini mguu ukiwa kwenye pedali, na pedali haikuzama kama inavyopaswa. Dakika tano za kurekebisha, saa moja ya kujilaumu.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya waya. Tulichukua ishara ya breki kutoka motahomu, kisha tukajaribu indiketa zote mbili bila kukanyaga, kuhakikisha breki haifuati indiketa. Magari mengi ya Marekani taa moja nyekundu hufanya kazi zote mbili. Tukavuta waya wa kuchaji kutoka motahomu hadi betri ya CR-V, wenye fyuzi yake, ili asubuhi ya Trinidad isijirudie. Kitaa cha dashibodi tulikifunga mahali ambapo Mama, aliyeketi kulia, anakiona kuliko Mzee. Hilo lilikuwa wazo la Mama.

Mwisho swichi ya kukatika. Ni kijiswichi mbele ya CR-V chenye pini, na pini ina kamba iliyofungwa kwenye motahomu. Gari likichomoka, pini inatoka, breki zinakanyaga zenyewe. Kamba iwe ndefu ya kutosha kona isiivute, na fupi ya kutosha kuwahi kuchomoka. Niliivuta kwa mkono, CR-V ikajifunga palepale, nikamwambia Mzee asukume. Alisukuma kwa bega, kisha akarudisha pini mwenyewe bila kusema neno.

Tulijaribu kwenye uwanja mtupu wa maegesho, maili 20 kwa saa, mara sita. Nilikuwa na kile kipimajoto cha kuelekeza mwanga. Diski za mbele za CR-V zilipanda joto sawasawa, kushoto na kulia. Baada ya kuzunguka uwanja bila breki zikashuka. Nilichokuwa nakitafuta ni huko kushuka.

Mwezi Septemba walikwenda tena Colorado, na safari hii Mzee akachagua Wolf Creek Pass, futi 10,857, kwenye barabara ya US 160, mteremko unaokaribia asilimia 7 kuelekea Pagosa Springs. Nilimwambia kuna njia za kutosha zisizo na mlima ule. Akasema anajua.

Mama alinipigia wakiwa wameegesha Pagosa. Kitaa, alisema, kiliwaka mara nne tu kutoka kileleni, na zote alimwambia Mzee, "Hiyo imewaka," mpaka Mzee akamwomba aache kuhesabu. Nikamuuliza kuhusu magurudumu. Nikasikia mlango wa motahomu ukifunguka, hatua zake kwenye kokoto, kisha kimya.

"Nimeweka kiganja," akasema. "Hata chai haichemki hapa."